Magunia Sitini Bwera na Kifaransa Nisichokijua

Tangu nirudi sijapata kunywa chai kwa amani hapa mwaloni, soko letu la dagaa Mwanza. Mmoja ananiuliza kama ni kweli nilikamatwa Uganda. Mwingine amesikia nilipotelea Kongo na mzigo wa Mama Shija. Wengine hawaulizi kitu, wananitazama tu nikiwa nimerudi kwenye mizani na vumbi la dagaa kichwani, halafu wananong'ona. Basi nimeamua kuandika yote mara moja. Someni, halafu mniache ninywe chai yangu.

Kwanza niseme uongo wangu, maana bila huo safari haieleweki. Mama Shija, bosi wetu, alitangaza kwamba anatafuta mtu wa kusafiri na kusimamia wanunuzi wa Kongo, na mtu huyo lazima ajue Kifaransa. Mimi nilikuwa nimehudhuria madarasa ya jioni mara tano. Mara tano tu, jamani, mvua zilipoanza nikaacha. Kwenye barua ya kuomba kazi nikaandika: "Kifaransa: nazungumza vizuri." Rehema, mwenzangu wa mizani, ambaye alikuwa amesoma karibu mwaka mzima bila kukosa, aliandika: "Kifaransa: bado najifunza." Mama Shija akamchukua anayezungumza vizuri.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Magunia sitini ya dagaa wakavu yalitangulia kwa lori hadi Kasese, Uganda, yapokelewe na mwenye stoo aitwaye Baluku. Mimi nimfuate Baluku, tuushushe mzigo hadi Bwera karibu na mpaka wa Kongo, na siku ya Ijumaa, siku ya soko, nikutane na Mama Kavira, mfanyabiashara mkubwa wa Butembo. Nizungumze naye Kifaransa, akubali kuwa mnunuzi wetu wa kudumu. "Hiyo nafasi, Kabula," Mama Shija aliniambia akinivalisha koti lake la mvua la kijani, "siitoi mara mbili." Nikacheka kwa heshima.

Mwanza hadi Mutukula

Ya Mwanza hadi Bukoba sitayasema sana kwa sababu sikuyaona. Nilikuwa na daftari magotini na spika za masikioni, nafunga macho na kurudia sentensi tatu za Kifaransa nilizorekodi kwenye simu. Nilipofika ya tatu, ya kwanza ilikuwa imeshanitoka. Mama Shija alituma ujumbe wa sauti mara nne kuniuliza nimefika wapi, na kila simu ilipolia nilihisi ameshajua.

Asubuhi ya Jumatano, Mutukula mpakani, nilisimama mbele ya dada mmoja anayebadilisha fedha kwenye meza ndogo ya mbao. Alimsalimia mzee mmoja kwa Kihaya, akamgeukia dereva wa lori kwa Kiganda, akamjibu kijana wa Rwanda kwa lugha yake, akaniuliza mimi kwa Kiswahili safi kabisa, "Na wewe dada, nikusaidie nini?" Nikamuuliza alisomea wapi lugha zote hizo. Akanishangaa. "Nisomee wapi? Ningekuwa na moja tu, wateja si wangeenda kwa yule pale?" Akanionyesha kwa kidevu meza ya jirani, ambako mwanamume alikuwa amekaa peke yake anapunga nzi.

Ungefikiri maneno yale yangenitia moyo. Yalinitisha. Yule dada alikuwa na lugha nne na wala hakuziandika kwenye barua yoyote, na mimi nilikuwa na barua.

Mbarara

Mbarara nililala, na pale nilipata funzo la kwanza la adabu. Niliingia hotelini na njaa ya siku nzima, nikaagiza samaki. Mhudumu akaniuliza, "Na chakula?" Nikamwambia samaki ndiyo chakula. Akasema hapana, samaki ni mchuzi, chakula ni chakula. Tukabishana, mimi na sauti yangu ya mwaloni, hadi watu wa meza nyingine wakainua vichwa. Mwishowe aliondoka, akarudi na sinia la matoke, viazi, wali, boga na ugali, vyote kwa pamoja, na kipande cha samaki juu. Kumbe alikuwa ananiuliza nataka nini cha kulia huyo samaki. Alinihudumia akiwa amekaa mkao wa kukimbia, na sikuelewa kwa nini. Niliona tu kwamba kila nikifungua mdomo, watu wanakaa sawasawa kwenye viti vyao.

Njia ya Katunguru

Alhamisi asubuhi nilipanda basi la Kasese. Kiti cha pembeni alikaa mzee mwenye miwani na kitabu cha sala, katekista wa Beni, Kongo, anayerudi kwao, na kabla hatujatoka stendi alikuwa kwenye simu akiongea Kifaransa kama maji ya bomba. Huyu hapa mwalimu wa safari ya saa nne, bure, Mungu amenikalisha naye. Nilichotakiwa kusema ni kimoja: Baba, nisaidie, nimedanganya.

Sikusema. Nilifikiri, huenda huyu anamjua Mama Kavira, wote si watu wa kule kule? Atamwambia. Basi alipofunga simu na kunigeukia na kuniuliza kitu kwa Kifaransa, mimi nikatabasamu na kutikisa kichwa. Akauliza tena, pole pole. Nikatabasamu zaidi. Akanitazama kwa huruma kubwa, akafungua mfuko wake wa karanga, akanimiminia kiganjani. Halafu akageuka nyuma akamwambia mama mmoja, kwa Kiswahili cha kwao, "Huyu mutoto muke iko bubu, masikini. Tumuombee."

Sasa ningefanya nini? Ningemwambia kwa Kiswahili kwamba mimi si bubu? Nikala karanga.

Tulipovuka daraja la Katunguru na kuingia katikati ya mbuga, tairi la nyuma likapasuka. Dereva akatangaza mtu asishuke, maana nyasi zile zina wenyewe. Jua la kule chini haliulizi mtu. Tulikaa saa mbili na zaidi, wanaume watatu wakibadilisha tairi huku mmoja amesimama analinda kwa macho tu, na mimi nikahesabu saa nilizobakiza hadi Ijumaa. Nilitaka kumuuliza dereva tutaondoka lini. Nilitaka maji. Nilitaka kupiga simu kwa Baluku. Lakini mimi ni bubu, na katekista alikuwa ameshamwombea bubu wake mara mbili. Mwenzenu nilifika Kasese saa nane mchana bila kusema hata neno moja. Mzee yule, anayekwenda kutafuta gari la mpakani, alinipa mkono na kunibariki kwenye paji la uso. Sijawahi kuona haya kama siku ile.

Kasese, ambako Baluku hayupo

Kasese kuna joto la kukaanga, na milima ya Rwenzori imekaa juu yako na mawingu yake hata hayakusaidii. Nikiwa nimevaa koti la kijani la Mama Shija, kwa sababu begi lilishajaa, na buti za kazini, nilinunua laini ya simu ya kule na kumpigia Baluku. Alipokea. Nikasema, kwa sauti ya mtu aliyenyamazishwa saa sita nzima: "Baluku? Usiende popote. Nakuja kukuona sasa hivi."

Simu ikakatika. Nikapiga tena, haipatikani.

Nikaenda mtaa wa stoo, karibu na stesheni ya zamani ya reli. Wanaume watano walikuwa wamekaa juu ya magunia ya kahawa wakizungumza. Nikasimama mbele yao. "Habari zenu. Namtafuta Baluku. Yuko wapi?"

Mazungumzo yakafa. Mmoja akavua kofia. "Afande," akasema, "Baluku hakuna."

"Hakuna Baluku hata mmoja mji mzima?"

"Hata mmoja, afande."

Niliuliza dukani, wakasema hawamjui. Niliuliza kwenye mashine ya kukoboa kahawa, mtu wa mashine akazima mashine kabisa, akaapa hajawahi kusikia jina hilo. Niliuliza mwanamke anayeuza nyanya, akaanza kufunika nyanya zake. Dereva wa lori nilimpata kwenye simu, alikuwa ameshafika karibu na Masaka anarudi. "Nilishusha kwa Baluku, magunia yote sitini, akafunga kufuli," akasema. "Kwani hamjaonana?"

Magunia sitini yako nyuma ya kufuli la mtu ambaye mji mzima unaapa hajazaliwa. Kesho ni Ijumaa. Mama Kavira havuki kumsubiri mtu, wauzaji wa dagaa wa Uganda wamejaa pale Bwera. Na Mama Shija alikuwa ametuma ujumbe: "Mpe Baluku salamu zangu." Niliusikiliza nikiwa nimekaa kwenye ngazi ya duka lililofungwa, nikalia kidogo, nikajifuta kwa mkono wa koti lake.

Njaa ndiyo iliyoniokoa. Niliingia kibanda cha mama mmoja anayepika karibu na hapo, nikanyoosha kidole tu, nimeshachoka na kuongea. Akaniletea bundu, ule ugali wao wa muhogo unaovutika, na sombe ya majani ya muhogo, na samaki wa Katwe. Akasimama juu yangu na upawa mkononi.

"Madam, wewe natoka jeshi?"

"Mimi? Natoka Mwanza. Nauza dagaa."

"Dagaa?" Akaketi. "Sasa kama ni dagaa, kwa nini natafuta mutu vile?"

Anaitwa Masika. Alinieleza taratibu, nami nikala nikiwa nimeinamisha kichwa. Kwamba kwao Kiswahili cha kuulizia mtu watu wamekisikia kwa askari. "Mutu nakuja na buti, hapana salimia, nasema jina moja, nasema yuko wapi. Hiyo si kutafuta, madam. Hiyo ni kukamata. Na Kiswahili yako ni mingi sana, ni ile ya wakubwa." Tena kwamba kwa Wakonzo, kabila lao, Baluku ni jina la kila mtoto wa kwanza wa kiume. Hakuna nyumba ya Mkonzo isiyo na Baluku wake. "Mimi ni Masika kwa sababu nilizaliwa wa kwanza, msichana. Wale wanaume kwa kahawa, watano? Watatu ni Baluku."

Nilimwuliza yeye alipata wapi Kiswahili chake. Akasema alianza na Kikonzo tu, akiwapikia majirani, sufuria moja. Kisha wanawake wa Kongo waliokimbia vita wakapanga chumba nyuma ya nyumba yake, wakawa wanamenya muhogo pamoja, na neno moja moja likaingia. Sasa madereva wa malori wanakula kwake, na wafanyabiashara wa Bwera wanaagiza chakula kwa simu kabla hawajafika. "Kiswahili ndio ilinipatia hii sufuria kubwa," akasema akiipiga kwa upawa. "Lakini mimi najua wapi ya kutoa na wapi ya kuweka ndani."

"Na Baluku mwenye stoo ya dagaa, unamjua?"

Akaweka upawa mezani. "Huyo amekimbia Mubuku, kwa shamba ya mupunga ya bibi yake. Hapa hapa alipita. Nasema iko mwanamke afande namtafuta."

Mubuku

Masika alinivua koti kwa mikono yake, akalikunja, akanifunga kitenge chake juu ya suruali, na buti zikabaki chini ya meza yake. Nilipanda pikipiki na ndala zake miguuni, yeye nyuma yangu, na njiani akanifundisha salamu ya mchana, neno moja, nikalirudia hadi mwenye pikipiki akaanza kulirudia naye. Nikakumbuka sentensi zangu za Kifaransa. Hakuna hata moja niliyowahi kuirudia mbele ya mtu mwingine.

Mubuku ni mifereji na mpunga mwingi. Mke wa Baluku alikuwa anaanika mpunga kwenye turubai, na alipotuona akasema kitu kifupi kwa Masika. "Nasema bwana alisafiri," Masika akanitafsiria. "Sasa piga magoti kidogo. Salimia."

Nikapiga magoti pembeni ya turubai. "Wasibire."

Yule mama akaacha kueneza mpunga. Akanijibu, nikashindwa kuendelea kwa sababu neno langu lilikuwa hilo moja. Akacheka, tena kicheko cha kweli. Wakazungumza na Masika kwa muda mrefu, na mimi pale chini magoti yanauma, jua linashuka, nikiwaza kama ndiyo nimeshakosa. Halafu Masika akanigeukia. "Nauliza wewe ni mutoto wa ngapi kwenu."

"Wa pili kwa wasichana."

"Basi wewe ni Biira," akasema mke wa Baluku, jina la msichana wa pili, hata mimi nikaelewa.

Baada ya hapo ndipo kitu kikatembea nyuma ya kibanda cha mahindi. Akatokea mwanamume mrefu, suruali imekunjwa, matope hadi magotini. Hakusogea karibu.

"Wewe ndio wa Mama Shija?"

"Ndiyo, kaka."

"Mama Shija alisema nakuja msichana ya Kifaransa. Mimi nangoja Kifaransa. Nasikia Kiswahili kwa simu, nasema usiende popote." Akakuna kichwa. "Ndugu yangu, askari waliuliza yeye hivyo hivyo, siku moja. Wiki tatu hatukujua iko wapi. Alirudi, lakini alirudi mwingine."

Nikamwomba radhi. Nilimwomba kwa Kiswahili, kwa sababu sikuwa na kingine, lakini polepole na kwa sauti ya chini, na Masika akaweka maneno ya kwao juu ya yangu. Sikumwambia kwamba msichana wa Kifaransa hayupo. Lilinifika hadi kwenye ulimi, nikalimeza. Uongo ule ule ulishamkimbiza mtu mzima hadi kwenye matope, na bado nikaushikilia. Mnisamehe, niliogopa.

Bwera

Alfajiri tulipakia magunia, na saa mbili asubuhi tukawa Bwera. Soko lilikuwa limeshafurika. Wanawake wa Kongo walivuka kutoka Kasindi na mabunda vichwani, wakulima wa Nyakiyumbu wakashuka na ndizi na maharage, na kila mtu alijua anachofanya isipokuwa mimi. Sikuwa nimelala. Niliinamia sentensi tatu kwenye daftari, herufi zinacheza.

Mama Kavira alikuja saa nne na rozari shingoni, mwili mnene, macho madogo yanayoona kila kitu. Akaketi kwenye kiti cha plastiki mbele ya magunia yetu.

"Mama Kavira," Baluku akasema, "huyu ni Biira wa Mwanza, wa Mama Shija."

Nikafungua mdomo. "Bonjour, madame. Je m'appelle Kabula. Nous avons du bon poisson."

Zilitoka zote tatu: salamu, jina langu, na samaki wetu wazuri. Nilikaribia kujipongeza. Mama Kavira akainua uso, akajibu kwa Kifaransa cha haraka, kirefu, kinachoishia na swali. Sikushika chochote, ila ndiyo yao naijua. "Oui," nikasema. Akauliza tena kitu kingine. "Oui, madame." Akaniangalia kuanzia kichwani hadi kwenye ndala za Masika, akauliza cha tatu polepole mno. "Oui," nikasema.

Akasimama. Akafunga kitenge chake upya, akamwambia Baluku maneno mawili ya kwao, akaondoka kuelekea upande wa mto, wanawake wakimpisha njia.

"Nasema naenda kuangalia dagaa ya wengine," Baluku akaniambia. Uso wake ulikuwa umebadilika. "Wewe ulisema nini kwake?"

"Sijui."

Mtu huyu alitoka mafichoni kwa ajili yangu, akapakia gunia kwa gunia mgongoni tangu alfajiri, na mimi sijui nimesema nini kwa niaba yake. Basi nikakimbia. Ndala moja ilibaki njiani na sikurudi kuiokota. Nilimkuta amesimama kwenye meza ya mwanamke mwingine, mkono wake umeshaingia kwenye gunia la watu.

"Mama, naomba unisikilize kidogo. Kifaransa sijui."

Hakugeuka. "Hata kidogo?"

"Nilisoma mara tano. Halafu mvua ikaanza."

"Na kwa bosi ulisema nini?"

"Nilisema nazungumza vizuri. Nilitaka kazi."

Hapo akageuka. "Unajua nilikuuliza nini?"

"Hapana, mama."

"Nilikuuliza kama ndagala yenu iko na muchanga. Ukasema oui. Nikakuuliza kama ni ya mwaka jana. Oui, madame. Nikakuuliza kama munatiaka maji ju kilo ipande. Oui." Akatoa mkono kwenye gunia, akajipangusa. "Ile ya tatu njo ilinionyesha. Mwizi hawezi kukubali ile. Nikasema, huyu hasikii Kifaransa kabisa. Sasa mi nafanya biashara namna gani na mutu hasikii na hasemi kama hasikii?"

Nililia mbele ya soko zima, na safari hii sikujificha.

"Tena Kifaransa mi naongeaka na watu wa forodha na wa banki," akaendelea, kama mtu anayemfundisha mwanawe kukuna nazi. "Ndagala naongeaka Kiswahili. Nani alisema mi nataka kununua samaki na Kifaransa?"

Nikakumbuka. Mama Shija aliwahi kupokea karatasi moja kutoka kwake, imeandikwa Kifaransa, ya forodha. Ni hiyo karatasi tu iliyomfanya adai mtu wa Kifaransa.

Alirudi nami kwenye mzigo wetu. Sasa mjue desturi yake, maana na nyie mtakutana naye. Hasomi lebo, hasikilizi sifa. Alichagua magunia matatu mwenyewe, yale ya chini kabisa, akazamisha mkono hadi kwenye kiwiko, akatoa konzi moja moja kutoka chini ya kila gunia. Akaomba beseni jeupe la maji. Akawaosha dagaa mle ndani, akawaopoa, kisha akakaa. Tunasubiri maji yatulie, mchanga kama upo ushuke chini. Hakuna anayeruhusiwa kusema wakati ule.

Hizo dakika sikuzipenda. Nilijua nani aliyepepeta magunia yale: mimi na Rehema, kwa mikono yetu, hapa mwaloni. Nikaanza kukumbuka kila ungo niliopitisha kwa haraka jioni, kila mara nilipomwambia Rehema inatosha twende, na yeye akasema bado. Baluku alikuwa amefunga mikono kifuani. Maji yalizunguka, yakapunguza mwendo, yakasimama.

Chini kulikuwa kweupe.

Mama Kavira akaweka dagaa mmoja mdomoni, akamtafuna na kichwa chake. "Iko muzuri," akamwambia Baluku. "Nabeba yote. Na Ijumaa ya mwezi unaokuya, vile vile." Halafu akanivuta karibu kwa mkono wenye harufu ya samaki. "Bosi yako anajua?"

"Hapana, mama."

"Mi sitamwambia. Utamwambia weye. Ju nikiendelea na weye na ule uongo uko katikati, siku moja utanifikia na miye. Na Kifaransa ujifunze kweli. Makaratasi ya Kasindi yananisumbua, na sina mutu wa upande wenu wa kuyasoma."

Masika alinirudishia buti na koti jioni ile. Ndala moja niliyobaki nayo alikataa kuipokea, akasema itanikumbusha. Iko nyumbani, msumarini.

Mwaloni

Nilimwambia Mama Shija siku ile ile niliyofika, kabla sijaoga. Nilimwambia uongo wangu wote, hata wa kuwa bubu. Alisikiliza huku anatafuta miwani aliyokuwa ameivaa. Mwishowe akasema, "Mzigo umeuza, nakushukuru. Lakini nilimnyima Rehema nafasi kwa karatasi yako. Kesho rudi kwenye mizani." Akamwita Rehema, akampa daftari la safari. Rehema hakunicheka. Ingekuwa afadhali angenicheka. Jioni yake alinipitia tu mlangoni, akasema darasa linaanza saa kumi na moja, na kwamba mvua si kisingizio. Tangu siku hiyo tunakwenda wote, yeye mbele, mimi na wanaoanza.

Wiki tatu nimepima magunia na sikulalamika. Kila Ijumaa nilimwaza Mama Kavira na beseni lake, na nikajua kwamba nafasi yangu nimeshaichezea.

Sasa lile la juzi, wengine mlikuwapo na hamkuelewa. Simu ya Mama Shija iliita tukiwa wote kwenye mizani, akaiweka sauti kubwa kwa sababu mikono yake ilikuwa na dagaa. "Allô? Mi ni Kavira wa Butembo. Muniletee Biira."

"Hapa hatuna Biira, mama," Mama Shija akasema. "Nitamtuma Rehema, anajua Kifaransa."

"Rehema akuje, muzuri, atanisomea makaratasi ya forodha. Lakini ndagala nataka kununua kwa Biira. Ule alisema kama hasikii Kifaransa. Na Baluku wa Kasese anasema vile vile, hafungui stoo kwa mutu mwingine."

Mama Shija akafunika simu kwa kiganja, akatutazama mmoja mmoja. "Nani hapa anaitwa Biira?"

Nikaweka gunia chini, nikanyoosha mkono.